Sarafu Iliyoyeyushwa Nyaishozi

Kila mwaka, mwezi wa nane, mke wa Clavery alikuwa akipokea sarafu ya fedha kutoka kwa mwanamume mwingine. Jambo hilo halikuwa siri. Isingiro nzima ililijua, paroko alilijua, na Clavery mwenyewe ndiye aliyempakia mkewe kwenye pikipiki hadi posta ya Kayanga kwenda kuichukua. Wakifika alimsubiri nje, akijifanya anakagua mnyororo.

Mwanamume huyo alikuwa Kapteni Elpidius, Mhaya wa Muleba, rubani. Mwaka 1996, enzi za kambi za wakimbizi, alikuwa akirusha ndege ndogo ya kubeba dawa na wagonjwa. Kemilembe, huyo mke wa Clavery, alikuwa bado msichana wa miaka ishirini na miwili, muuguzi msaidizi. Siku moja walikuwa wawili tu ndani ya ndege, wanarudi baada ya kumpeleka mgonjwa Mwanza, injini ikazimika juu ya Mabira. Kapteni akaishusha kwenye uwanda wa malisho, ule ambao wenyeji huuita rweya. Ndege ilivunjika gurudumu la mbele, Kapteni akavunjika mguu wa kulia. Kemilembe alimburuta nje, akaufunga mguu kwa kanga yake na fito mbili, kisha akatembea saa mbili kutafuta watu. Madaktari walisema baadaye kwamba bila yule msichana mguu ungekatwa.

Kapteni alihamia Kanada, akaoa, akazeekea huko. Na kila mwaka alimtumia Kemilembe sarafu moja ya ukumbusho wa historia ya usafiri wa anga. Hazikuwa sarafu za kununulia chumvi. Zilikuwa za fedha tupu, za kutunzwa, nzito mkononi, kila moja ndani ya kikasha cha plastiki kinachoonyesha kilichomo, na kila moja na ndege yake: ile ya kwanza ya mbao na kitambaa, ile ya kutua majini, ile iliyovuka bahari na rubani mmoja, ile ya abiria iliyokimbia kuishinda sauti. Clavery alipomwoa Kemilembe, mwaka 1999, alimkuta tayari anazo mbili.

Kwa muda mrefu alijiambia kwamba hazimsumbui. Alikuwa mtu mwenye kibanja cha kusifiwa, migomba iliyopaliwa, kahawa anayoianika mwenyewe kwenye chanja bila kuichanganya na mchanga. Lakini Jumapili moja moja, baada ya misa, Kemilembe alikuwa akinawa mikono kwa sabuni, anaikausha, anashusha sanduku kutoka juu ya kabati na kuzitoa sarafu moja moja. Alizishika ukingoni kwa ncha za vidole. Mikono ile ile iliyomenya ndizi na kupalilia maharage ilikuwa laini ghafla. Siku moja Clavery alinyoosha mkono akachukua moja.

"Usiiguse usoni, Baba Vero," Kemilembe alimwambia. "Jasho linaitia madoa. Shika pembeni."

Aliirudisha palepale, na tangu siku hiyo hakugusa tena. Alikuwa amejenga nyumba ile kwa mikono ile ile yenye jasho.

Kilichomkera zaidi kilikuwa hadithi. Wageni wakija, wakishatafuna punje za kahawa za kukaribishia wageni, lazima mmoja aombe kuziona sarafu, na Kemilembe husimulia: injini ilivyokohoa, ukimya uliofuata, ng'ombe walivyotawanyika, Kapteni alivyomwambia afunge mkanda na kusali. Alisimulia vizuri, macho yakimng'aa. Clavery alikuwa ameisikia labda mara mia. Kila mara alikaa kwenye kiti chake, akitabasamu panapotakiwa, akijua kwamba katika siku kubwa kuliko zote za maisha ya mke wake, yeye hakuwapo.

Mara moja tu Kapteni alipiga simu, binti yao Vero akiwa bado mtoto wa kubebwa. Waliongea dakika chache, Kemilembe akacheka. Clavery hakula siku mbili. Kemilembe hakugombana naye. Alimwandikia Kapteni barua akimwomba asipige tena, sarafu atume kama kawaida, na Kapteni akatii. Clavery alipolijua hilo alipaswa kushukuru, lakini liliongeza moto. Mtu hamzuii mwingine kupiga simu kama hakuna kitu.

Basi mwaka jana mwezi wa nane Vero alijifungua, na Kemilembe akaenda Bukoba kumkandakanda na kumlea mtoto. Alipokuwa huko, katekista alileta karatasi ya posta ya kuchukulia mzigo. Clavery aliiweka mezani, akaizunguka siku mbili, siku ya tatu akawasha pikipiki. Alijiambia anakwenda kumsaidia mke wake.

"Mama Vero yuko wapi mwaka huu?" karani aliuliza.

"Bukoba. Binti amejifungua."

"Hongereni sana. Weka saini hapa, mzee."

Aliingia kwa mama lishe karibu na stendi, akaagiza chai, akaufungua mzigo pale kwenye benchi. Ilikuwemo sarafu na barua ya kurasa mbili kwa mwandiko wa mkono. Barua ilianza hivi: Mpendwa Kemilembe.

Hakuendelea. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa akimwita Mama Vero. Mama mzazi wa Kemilembe alipofariki, hapakubaki mtu wa kumwita kwa jina lile, kumbe yupo, anaandika kwa wino wa bluu na kuweka neno mpendwa mbele. Clavery alizikunja kurasa zote mbili, akainama kana kwamba anapasha mikono, akazisukuma kwenye jiko la mkaa chini ya birika. Mama lishe alimtazama.

"Risiti za zamani," alisema.

Simu ikaita. Alikuwa Kemilembe, sauti ya mtoto ikilia nyuma yake. Alimweleza kwamba kitovu kimekauka vizuri na Vero ana maziwa ya kutosha. Kisha akauliza, "Ya Kapteni haijafika?"

Sarafu ilikuwa kwenye goti la Clavery.

"Bado," alisema.

Baada ya hapo angeweza kwenda nyumbani na kuificha. Hakwenda. Alichukua njia ya Nyaishozi, ambako hakujulikana, maana aliwahi kusikia kuna sonara pale senta aitwaye Melkiory, mtengeneza saa na pete. Alimkuta kwenye kibanda chake, miwani imefungwa kwa uzi. Melkiory aliitoa sarafu kwenye kikasha, akaiweka karibu na jicho, akakaa nayo muda mrefu mno.

"Hii ni fedha safi kabisa," alisema. "Laini. Nikitengeneza kitu itabidi nitie shaba kidogo, la sivyo itapinda. Lakini mzee, hii si ya kuyeyusha. Hii imeshatengenezwa."

"Mke wangu anataka vya kuvaa, si vya kutazama."

"Ikishayeyuka hairudi."

"Yeyusha."

Aliagiza hereni na pete. Kipimo cha kidole alikileta keshokutwa yake: pete ya ndoa ya Kemilembe, ambayo ilikuwa imembana miaka mingi na kukaa kwenye kikombe kabatini, akaagiza mpya iizidi kidogo. Siku ya nne kazi ilikuwa tayari, na kwa kweli ilikuwa nzuri. Hereni zilikuwa na umbo la jani la mgomba lililojikunja, pete nene, wazi, inayong'aa kama maji.

Kemilembe aliporudi mwezi wa tisa, Clavery alimpa vile vitu vikiwa kwenye kitambaa cheupe. Alisema tu, "Nimeona na mimi nikupe fedha."

Kemilembe alikaa chini. Aliivaa pete, ikaingia bila kulazimishwa, akauliza amejuaje kipimo, naye akamweleza habari ya pete ya ndoa. Kemilembe alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyempenda. Hereni alizivaa kanisani Jumapili ile, na akina mama walipouliza alisema kwa sauti ambayo Clavery hakuwahi kuisikia, "Ni Baba Vero huyu." Sanduku la juu ya kabati halikushushwa mwezi mzima. Habari za Kapteni alizitaja mara moja tu, kwa wasiwasi: labda anaumwa, maana mwaka huu kimya.

Clavery alikuwa ameshinda. Lakini ushindi ule haukukaa tumboni. Kila Kemilembe alipoinama kuchochea moto na hereni zikameta, yeye aliona ni Kapteni anameta. Alipomshika mkono, alishika Kapteni kwanza. Zamani mtu yule alikaa ndani ya sanduku, akitoka Jumapili moja moja. Sasa Clavery mwenyewe amemvisha mkewe mtu yule masikioni na kidoleni, kwa agizo lake, na anaamka naye kila asubuhi. Alianza kumwambia azivue akilala, zitapinda. Kemilembe akasema, "Acha zipinde nikiwa nimezivaa."

Tarehe ishirini na nane Desemba, wakati watu wa Kagera walioko mbali wamerudi nyumbani kwa Krismasi, gari la kukodi liliingia uani kwa Clavery. Alishuka mzee mrefu mwenye fimbo, akichechemea mguu wa kulia, na nyuma yake mama mnene aliyevaa gauni la kitenge.

Kemilembe alikuwa akimenya ndizi. Kisu kilimtoka mkononi. Alikwenda hadi kwa yule mzee, akasimama, hakumkumbatia, akaanza kulia tu. Mzee naye aliangalia pembeni. Clavery aliona yote hayo akiwa mlangoni mwa stoo ya kahawa. Alijilazimisha kutembea.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, Baba Vero. Hatimaye. Huyu ni mke wangu, Evangelina." Kisha akamgeukia Kemilembe. "Niliandika kwamba nikikosa jibu nitajua mmekubali tuje."

"Barua ipi, Kapteni?"

"Iliyokuja na sarafu."

"Mwaka huu haikuja sarafu."

Kapteni aliketi taratibu kwenye kiti alicholetewa. Alisema sarafu ile aliitafuta miaka ishirini, kwenye maduka ya wakusanyaji na minada, maana ilikuwa na ndege ya aina ile ile waliyoanguka nayo. Alipoipata hakuona sababu ya kutuma nyingine tena. Ilikuwa ya mwisho. "Lakini ilisajiliwa," alisema. "Namba ninayo. Kesho tunapita Kayanga, nitawauliza nani aliipokea. Kama ni karani ameila, atajieleza kwa wakubwa wake."

Clavery alisema anakwenda kukata ndizi nyingine. Alisimama kati ya migomba na panga mkononi bila kukata kitu.

Baada ya kula ebitoke, zile ndizi za kupika, Kapteni aliomba waende Mabira akaone mahali walipoanguka. Walikwenda wote wanne kwa gari lile, wakaliacha mwisho wa barabara, wakashika njia ya miguu kuingia rweya. Kapteni na Kemilembe walitangulia. Mzee alitembea polepole kwa ajili ya mguu wake, na Kemilembe alipunguza hatua zilingane na zake. Clavery aliwafuata kwa macho. Kila mmoja alinyoosha mkono wake: pale, hapana, kule, karibu na kichuguu. Walikuwa wanacheka.

Evangelina alitembea kando ya Clavery, akihema.

"Shemeji," alisema, "unajua anachagua wiki nzima?"

"Anachagua nini?"

"Sarafu. Kila mwaka. Anaandaa meza, anawasha taa, anavaa glavu nyeupe kama daktari. Ukipita karibu anakwambia usitikise meza. Miaka ishirini na sita. Mimi sijawahi kuchaguliwa kitu kwa wiki nzima. Krismasi ananipa bahasha, ninunue ninachotaka." Alifuta jasho shingoni. "Nimepanda ndege mbili na gari siku nzima nije nimwone mwanamke huyu kwa macho yangu. Nilitaka awe na kiburi. Ningemchukia vizuri."

"Na sasa?"

"Sasa amenipa mguu wa kuku na kuniita dada."

Clavery alisimama. Hakujua kwa nini, lakini mwanamke huyu alikuwa mtu wa kwanza duniani ambaye angemwelewa, na maneno yalimtoka yote kwa pamoja: posta, jiko la mama lishe, Melkiory. Alipofika kwenye hereni, Evangelina aliangalia mbele, kwenye masikio ya Kemilembe yaliyokuwa yakimeta juani, akaketi kwenye majani na kucheka hadi machozi. Walio mbele waligeuka. Akawapungia mkono waendelee.

Kisha akaacha kucheka.

"Nisaidie kuinuka," alisema. "Kuna karani ana watoto pale Kayanga. Mwambie leo, kabla mume wangu hajaingia posta. Nami nakuonya, usimwambie huku unajitetea."

Waliwakuta wamesimama mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote, majani tu na kinyesi cha ng'ombe. Kapteni alikuwa amevua kofia. Clavery hakungoja.

"Kapteni, usiende posta. Sarafu niliipokea mimi. Barua niliichoma bila kuisoma. Sarafu niliipeleka Nyaishozi ikayeyushwa." Alinyoosha kidole kwa Kemilembe. "Ni hizo alizovaa."

Upepo ulikuwa unapita kwenye majani. Kapteni aliangalia hereni, kisha akaangalia chini na kuegemea fimbo kwa mikono miwili. Alikuwa na sura ya mtu aliyepokea habari za msiba wa mbali.

Kemilembe aliinua mkono, akagusa sikio moja.

"Kwa hiyo hukuninunulia," alisema.

"Sikununua."

"Nilidhani ulinifikiria." Sauti yake haikupanda. "Baba Vero, sarafu ningeweza kuikosa. Nina ishirini na tano. Lakini miezi mitatu nimetembea kanisani nikijua kwamba mume wangu alikaa peke yake nyumbani, akanifikiria, akatafuta kipimo cha kidole changu. Nilimpigia Vero simu nikamwambia. Nilijisifu kwa watu wazima wenzangu."

"Kipimo nilikitafuta kweli."

"Ulitafuta kipimo cha kumshinda mtu."

Alizivua hereni, moja, ya pili, kisha pete, akaziweka kwenye kiganja cha Kapteni. Kapteni akazirudisha haraka kama zilizomchoma. "Si zangu tena," alisema. "Na mimi pia, Kemilembe, sikufikiria. Niliona natoa shukrani. Sikumwuliza mtu yeyote inamkaaje moyoni." Alisema hivyo akimtazama Evangelina, na Evangelina alitazama ng'ombe.

Wageni waliondoka asubuhi yake. Kapteni alimpa Clavery mkono, mkono mfupi, wa kutimiza adabu. Evangelina alimkumbatia Kemilembe kwa muda mrefu.

Kisha nyumba ikanyamaza. Kemilembe alipika, alimwekea maji ya kuoga, alijibu alipoulizwa. Januari yote ilikwenda hivyo, na Februari. Pete na hereni zilikaa dirishani, hazikuvaliwa wala kufichwa, na Clavery alizipita kila siku akienda kuanika kahawa. Aliomba radhi mara tatu. Mara ya tatu Kemilembe alimwambia aache, kwamba anasikia, lakini kusikia na kupona havifiki siku moja. Jambo la ajabu ni kwamba wivu wa Kapteni ulikuwa umemtoka wote. Mahali pake palikuwa pamekaa kitu kingine kibaya zaidi: alikuwa akimwonea wivu mtu aliyekuwa yeye mwenyewe kwa ile miezi mitatu, yule Baba Vero aliyetazamwa kwa upendo mlangoni mwa kanisa. Huyo hakuwahi kuwapo, na hakuna namna ya kumfuata.

Katikati ya Kwaresima, asubuhi moja, Kemilembe alijifunga kanga ya kusafiria.

"Nipeleke Nyaishozi," alisema. "Nataka kumwona huyo sonara."

Melkiory aliwakumbuka mara moja, au alimkumbuka Clavery. Alisimama, akampa Kemilembe kigoda chake mwenyewe.

"Sikuja kulaumu," Kemilembe alisema. "Nataka kujua hiyo sarafu ilikuwaje. Mume wangu hawezi kuniambia."

Sonara alimtazama Clavery, na Clavery akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Kemilembe alishamwuliza, naye hakukumbuka chochote ila mwandiko wa bluu.

Melkiory alivua miwani. "Mimi niliikazia macho sana, mama, kwa sababu ilikuwa inaniuma. Ndege ndogo, bawa moja refu juu ya kichwa. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma. Chini yake majani, yamechorwa jani kwa jani, sijui walitumia sindano gani. Na kivuli cha ndege kimelala juu ya majani, kidogo kimepinda, kama kilima kinashuka." Alichukua penseli, akachora nyuma ya daftari lake la kazi, taratibu, akifuta kwa kidole na kurudia. Kemilembe aliinama karibu.

"Dirisha lilikuwa wazi?" aliuliza.

"La upande wa rubani. Kadogo sana."

"Lilikuwa wazi kweli," Kemilembe alisema. "Lilikuwa halifungi. Upepo ulinipiga usoni njia nzima kutoka Mwanza." Hilo Clavery hakuwahi kulisikia. Katika mara zote mia, mkewe hakuwahi kutaja dirisha.

"Uliogopa?" Clavery alimwuliza.

Kemilembe aliuangalia mchoro. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," alisema. "Nilijikojolea, Baba Vero. Wageni siwaambii."

Sonara alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Clavery alikaa chini, kwenye sakafu ya kibanda, mgongo ukiegemea ukuta, na akauliza tena, na Kemilembe akajibu, mpaka mteja mwingine akaja na saa yake na ikabidi wapishe.

Njiani Kemilembe alishika chuma cha nyuma cha pikipiki, hakumshika mumewe. Walipoanza kushuka, mvua ilikuwa imechimba barabara. Clavery alipunguza mwendo. Baada ya shimo la pili alihisi mkono ukishika koti lake kwa upande mmoja.

"Twende polepole," Kemilembe alisema. "Maharage niliyaloweka, hayaharibiki tukichelewa."